Mizani ya kumhukumu msajili wa wachezaji

NDUGU msomaji, katika vijiwe vyetu vya mjini hukumu hutolewa kila siku bila kuhitaji mahakama. Baada ya swala ya Isha, kwenye kahawa, ndani ya daladala na katika vibanda vya kuoneshea mpira, watu huwakalia vikao watu ambao hawajapata kuonana nao. Huyu hajui kazi, yule mwizi, mwingine ameliua timu kwa makusudi. Katika hukumu hizo, mtu anayeumia sana ni yule kiongozi wa klabu aliyekabidhiwa usajili wa wachezaji. Mchezaji akifunga mabao, sifa ni za mchezaji na kocha wake. Mchezaji akiboronga, swali la kwanza ni moja tu: nani aliyemleta?

Najua watakuwepo watakaouliza, gazeti la Waislamu linahusika nini na usajili wa mpira? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Jibu langu ni kwamba ninachokizungumzia hapa ni ulimi wa Muislamu pale unapotoa hukumu juu ya kazi ya mwanadamu mwenzake. Uadilifu haukufaradhishwa kwa ajili ya mahakimu peke yao. Suratul Maida, aya ya 8, inatuonya kuwa chuki yetu juu ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Sijaona mwanachuoni aliyesema kuwa amri hiyo inasimama pale timu yetu inapofungwa.

Basi swali ninalotaka tulitafakari ni hili. Mtu aliyepewa dhamana ya kuwachagua wengine, tumpime kwa matokeo ya uchaguzi wake, au tumpime kwa namna alivyochagua? Ili tusizungumze hewani, nachukua mfano wa mtu mmoja ambaye kazi yake inajulikana na wengi wanaofuatilia ligi ya Uingereza, Mfaransa Damien Comolli.

Comolli alifanya kazi ya kusaka vipaji pale Arsenal, kisha mwaka 2005 akawa mkurugenzi wa soka wa Tottenham. Mwezi Oktoba 2008 alifukuzwa pamoja na kocha Juande Ramos. Wakati huo Tottenham ilikuwa imecheza mechi 8 za ligi na kuambulia pointi 2 tu, ikiwa mkiani kabisa. Kwa mtazamo wa siku ile, hukumu ilikuwa nyepesi: huyu bwana ametumia fedha nyingi na timu inakwenda kushuka daraja.

Lakini hebu tuangalie ni nani waliokuwemo katika timu ile. Alikuwemo kijana kutoka Wales anayeitwa Gareth Bale, aliyenunuliwa mwaka 2007 kutoka Southampton kwa ada ya mwanzo ya paundi milioni 5. Bale alicheza mechi 24 za Ligi Kuu akiwa na Tottenham bila kuwa upande wa washindi hata mara moja, mpaka watu wakaanza kumwita mkosi. Alikuwemo pia Luka Modric, aliyeletwa mwaka 2008 kutoka Dinamo Zagreb kwa paundi milioni 16.5. Dimitar Berbatov, aliyenunuliwa mwaka 2006 kwa takriban paundi milioni 11, alikuwa ndiyo kwanza ameuzwa Manchester United kwa zaidi ya milioni 30.

Miaka ikapita. Mwaka 2013 Bale aliuzwa Real Madrid kwa zaidi ya paundi milioni 85, ikiwa ni rekodi ya dunia kwa wakati ule. Modric alikwenda huko huko mwaka 2012. Na hata huko Madrid, kabla mwaka ule haujaisha, wasomaji wa gazeti la Marca walimpigia kura kuwa ndiye usajili mbovu kuliko wote wa msimu. Mchezaji huyo huyo, mwaka 2018, alitwaa tuzo ya Ballon d'Or ya mchezaji bora wa dunia.

Sasa tujiulize. Uamuzi wa kumnunua Modric ulikuwa mmoja, ukafanywa siku moja, na mtu mwenye taarifa zile zile. Je, ulikuwa uamuzi mbaya mwezi Oktoba 2008, kisha ukageuka kuwa mzuri mwaka 2018? Kama uamuzi unabadilika sura kila matokeo yanapobadilika, basi sisi hatumhukumu mtu. Tunasoma saa tu.

Kisa cha pili cha Comolli ni kizito zaidi. Mwezi Novemba 2010 aliajiriwa na Liverpool. Mwezi Aprili 2012 akaondoka, timu ikiwa njiani kumaliza ligi katika nafasi ya 8, ingawa ilikuwa imetwaa Kombe la Ligi mwezi Februari. Katika kipindi chake waliletwa, miongoni mwa wengine, Luis Suarez kwa paundi milioni 22.8, Andy Carroll kwa milioni 35, Stewart Downing kwa fedha zinazokaribia milioni 20, na kijana wa miaka 20 kutoka Sunderland, Jordan Henderson, kwa fedha zinazokadiriwa kati ya milioni 16 na 20.

Carroll alifunga mabao 6 tu ya ligi katika muda wake wote pale, kisha akauzwa West Ham kwa chini ya nusu ya bei aliyonunuliwa. Downing alimaliza msimu wake wa kwanza wa ligi bila bao na bila pasi ya bao. Henderson alionekana wa kawaida mno, kiasi kwamba mwezi Agosti 2012 klabu ilikuwa tayari kumtoa Fulham ili impate Clint Dempsey, na ni yeye mwenyewe aliyekataa kwenda. Comolli amesema baadaye kuwa katika lawama alizopewa siku ya kuondolewa, usajili wa Henderson ulikuwemo. Mwaka 2019 Henderson huyo huyo, akiwa nahodha, aliinua Kombe la Mabingwa wa Ulaya, na mwaka 2020 akainua kombe la Ligi Kuu ambalo Liverpool ililisubiri kwa miaka 30.

Ndugu zangu, sisi Waislamu hatukuachwa bila muongozo katika jambo hili. Tukumbuke vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume (SAW) aliwashauri Masahaba. Rai yake ilikuwa kubaki ndani ya Madina, lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka nje kumkabili adui. Akaifuata rai yao. Matokeo tunayajua: wapiga mishale waliacha sehemu waliyoamriwa kutoiacha, na Waislamu 70 wakapata shahada, akiwemo Sayyidna Hamza (RA). Kwa mantiki ya vijiweni, somo la siku ile lingekuwa kwamba mashauriano ni kosa na wale vijana wasisikilizwe tena. Lakini aya ya 159 ya Suratu Aal Imran, iliyoshuka baada ya msiba huo, ilimwamuru Mtume (SAW) awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kuwashauri. Njia ilikuwa sahihi, na matokeo machungu hayakuifanya kuwa batili.

Tunayo pia hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba hakimu akijitahidi katika kuhukumu na akapatia ana malipo mawili, na akijitahidi akakosea ana malipo mamoja. Tazama mafundisho haya yalivyo makubwa. Aliyekosea hakuambiwa kuwa amepatia, wala hakulinganishwa na aliyepatia. Lakini juhudi yake haikutupwa jaani.

Hapa ndipo baadhi yetu huteleza kwa upande wa pili. Wapo viongozi, wa mpira na wasio wa mpira, ambao wakiharibu husema: ni kadari ya Allah, tumejitahidi. Hapana. Hadithi ile ni kinga ya mwenye kujitahidi kwa elimu. Yupo hakimu mwingine aliyetajwa katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, yule anayehukumu watu kwa ujinga, naye akahesabiwa miongoni mwa watu wa Motoni. Mtu asiyejua, asiyeuliza na asiyechunguza, hana udhuru hata kama siku moja atabahatisha. Na kwa hiyo, kumhukumu msajili kwa uadilifu hakuna maana ya kumwachia. Kuna maana ya kumuuliza maswali yanayostahili. Mimi nayaona manne.

Swali la kwanza: alikuwa anajua nini siku ile anaamua? Tukimpima Comolli kwa swali hili, kuhusu Henderson na Modric anasimama vizuri. Walikuwa vijana, wana uwezo ulioonekana, na waliletwa ili wakue. Lakini kuhusu Carroll, swali hili linambana yeye na wenzake. Mchezaji yule alikuwa na nusu msimu tu wa kung'ara katika Ligi Kuu, mabao 11, na siku anasajiliwa alikuwa majeruhi. Haya yalijulikana tarehe 31 Januari 2011, siku ya mwisho ya dirisha. Hatuhitaji kungoja matokeo ili kusema kuwa kumlipia paundi milioni 35 ulikuwa ni uamuzi wa pupa.

Swali la pili: uamuzi ulikuwa wa nani hasa? Siku ile ile Liverpool ilimuuza Fernando Torres kwenda Chelsea kwa paundi milioni 50. Mmiliki wa klabu, John Henry, alikuja kueleza kuwa wao walichojali ni tofauti kati ya fedha watakazopata kwa Torres na fedha watakazotoa kwa Carroll. Newcastle wakipandisha bei, na wao wanaipandisha kwa Chelsea. Maana yake, ile milioni 35 iliyomwandama Comolli haikutoka kichwani mwake peke yake. Na kocha Kenny Dalglish naye alisema hadharani, Comolli alipoondoka, kuwa wachezaji waliokuja ni wale aliowataka yeye. Huu ni ungwana wa kupigiwa mfano. Wangapi kati yetu, mwenzetu anapobebeshwa lawama ya kamati nzima, husimama na kusema: na mimi nilikuwemo?

Swali la tatu ni la amana. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti yule aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (AS) alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake juu ya siasa ya kisheria, amezijenga sifa hizo kuwa ndizo nguzo za kila uongozi, na akakiri kuwa ni nadra kuzikuta zimekamilika kwa mtu mmoja. Katika usajili, uaminifu maana yake ni kuwa fedha ya klabu haikupitia mlango wa nyuma. Ada zinazunguka, mawakala wanazunguka, na zawadi nazo zinazunguka. Mtume (SAW) alimkemea mkusanya zaka aliyerudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, akahoji kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Mwenye kosa la aina hii hana malipo hata mamoja, hata kama mchezaji aliyemleta atafunga mabao 50. Lakini tuwe waangalifu. Comolli alifukuzwa mara mbili kwa sababu ya matokeo, hakufukuzwa kwa wizi. Kukosea bei na kuiba ni vitu viwili tofauti, na anayemwita mkosaji wa bei mwizi amebeba dhambi ya kumsingizia mtu.

Swali la nne ni la tabia, nalo hutusumbua hasa pale matokeo yanapokuwa mazuri. Kwa mabao, Suarez ndiye usajili bora wa kipindi kile. Msimu wa 2013/14 alifunga mabao 31 ya ligi, kisha akauzwa Barcelona kwa fedha zinazotajwa kuwa kati ya paundi milioni 65 na 75. Vijiweni hesabu inaishia hapo. Lakini kabla hajanunuliwa, mwezi Novemba 2010, alikuwa amefungiwa mechi 7 kule Uholanzi kwa kumng'ata mchezaji mwenzake. Desemba 2011, akiwa Liverpool, alifungiwa mechi 8 baada ya kutiwa hatiani kwa kumtolea Patrice Evra maneno ya kumbagua kwa rangi yake. Mwaka 2013 akang'ata tena, akafungiwa mechi 10. Kwa hiyo yule aliyefaulu sana kwa mabao ndiye ambaye alama za hatari zilionekana mapema zaidi. Muislamu mwenye ngozi nyeusi anayeshangilia usajili ule bila kukumbuka alichofanyiwa Evra, ajiulize anapima kwa mizani ya nani.

Yapo maneno ya upande mwingine ambayo sina budi kuyatendea haki. Mtu atasema: msajili analipwa ili alete matokeo, hayo mengine ni falsafa. Ni kweli kwamba matokeo yana ushahidi ndani yake. Mchezaji mmoja anaweza kuwa bahati, mbaya au njema. Wachezaji 20 katika miaka mitano, hapo tena inaanza kuonekana kazi ya mtu. Lakini ukikubali hoja hiyo, ni lazima uhesabu wote. Huwezi kumtaja Carroll na Downing ukamficha Bale, wala mshabiki wake hawezi kumtaja Modric akamficha Carroll. Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwatishia adhabu wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi tunaisoma aya hiyo tukimfikiria muuza mchele. Lakini mtu akihukumiwa yeye anataka udhuru wake wote usikilizwe, na akimhukumu mwenzake anataja kosa moja na kufunga daftari, huyo naye ameshika pishi pungufu.

Je, maana yake Tottenham na Liverpool walikosea kumwondoa? Si lazima. Mwenye mali ana haki ya kubadilisha mtumishi wake. Sayyidna Umar (RA) alimwondoa Khalid bin Walid (RA) katika uongozi wa jeshi, na Khalid alikuwa hajashindwa vita. Lakini wanahistoria wamepokea kuwa Umar aliwaandikia watu wa miji kuwaeleza kwamba hakumwondoa kwa kumchukia wala kwa hiana. Unaweza kumwondoa mtu kwenye kazi na bado ukamwachia heshima yake. Kuiondoa kazi yake ni suala la maslahi, na kuondoa heshima yake ni suala utakalokwenda kulijibu mbele ya Allah (SW).

Nisingeyaandika haya kama madhara yangeishia Uingereza. Madhara yapo hapa kwetu. Angalia kamati za usajili za klabu zetu kubwa. Kiongozi anajua kuwa atahukumiwa kwa mechi tatu za mwanzo. Je, atathubutu kumleta kijana wa miaka 18 kutoka mikoani anayehitaji misimu miwili? Hathubutu. Atamleta mwenye jina, hata kama magoti yamechoka, kwa sababu jina linamkinga na lawama. Likija dirisha dogo, anamtema na kuleta jina jingine. Hukumu yetu ya haraka ndiyo inayozaa usajili mbovu tunaoulalamikia.

Na hali ni hiyo hiyo katika kamati za misikiti na bodi za shule zetu. Katibu anatafuta mwalimu, anachunguza vyeti, anauliza alikotoka, anashauriana na wenzake, kisha mwalimu anaondoka katikati ya muhula. Ijumaa inayofuata katibu ni gumzo la barazani. Mwaka unaofuata nafasi ya ukatibu inatangazwa na wenye ujuzi wote wanainamisha vichwa. Anayejitokeza ni yule asiyejali kutukanwa, na mara nyingi asiyejali kutukanwa hajali na mengine. Tunabaki kulalamika kuwa Waislamu hatuna viongozi, na hali wale waliokuwepo tumewafukuza kwa ndimi zetu.

Mtume (SAW), karibu na kufariki kwake, alimteua Usama bin Zayd (RA) kuongoza jeshi la kwenda Sham, kijana ambaye hajafikia miaka 20, na chini yake wakiwemo Masahaba wakubwa. Watu walisema. Mtume (SAW) aliwajibu kuwa kama wanautia dosari uongozi wa Usama, basi waliutia dosari na uongozi wa baba yake kabla yake, na wote wawili wanaustahiki. Wale waliosema walikuwa wameona umri tu. Aliyeteua alikuwa anamjua mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mjadala ujao wa usajili ukianza barazani, na hautachelewa, sikuombi unyamaze. Sema, maana kunyamazia ubadhirifu nako ni kosa. Lakini kabla hujamtaja mtu kwa jina, uliza alijua nini, aliamua na nani, alikuwa mwaminifu kiasi gani, na alitazama tabia au alitazama mabao tu. Kisha mhesabie yote, yaliyomuinua na yaliyomwangusha. Ukikosa majibu ya maswali hayo, basi hukumu hujawa nayo bado. Ulichonacho ni dhana, na Suratul Hujurat imekwisha kutuonya juu ya dhana.

Wabillahi Tawfiq.